Fundi, kwa Nini Pawaso Yangu Ilikufa Kisumu?

Mvua ya msimu huu imeangusha miti mingi huku Nakuru, na kila aliyekuwa na pawaso, yaani msumeno wa injini, stoo ameitoa. Barua zilizonifikia karibu zote zinazihusu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu yaliyompata mwenye barua yaliwahi kunipata nikiwa kijana, na uchungu wake naujua.

*Fundi, salamu. Mimi ni mpasuaji mbao, nyumbani ni Molo. Nina pawaso ya cc 72 niliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili. Mwezi wa nne fundi wa hapa alinitengenezea kabureta, ikawa inakata vizuri sana. Nikapata kazi ya mikaratusi kule Ahero. Oili ya 2T, ile ya kuchanganywa na petroli, iliponiishia nilinunua nyingine Kisumu, kwenye duka la vifaa vya maboti. Siku ya pili, saa saba mchana, injini ilipandisha sauti yenyewe, ikalia kwa ukali, kisha ikakwama. Kamba haivutiki kabisa. Fundi wa huko aliifungua akanionyesha pistoni imekwaruzika upande wa ekzosti, akasema nilisahau kutia oili. Sikusahau. Mimi hutia kifuniko kimoja cha chupa kwa kila lita. Nimekosea wapi? Mpasuaji mbao, Molo.*

Pole sana, ndugu yangu. Nakuamini kwamba hukusahau oili. Kwa jinsi ulivyoeleza naona mambo matatu yaliyokutana siku moja, na kila moja peke yake lingeweza kuua pistoni.

La kwanza ni mteremko. Molo iko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ahero na Kisumu ziko mita 1,150 au chini kidogo. Hewa ya Molo ni nyepesi, kwa hiyo injini ikiwa huko huvuta hewa kidogo na petroli inaonekana kuzidi: moshi mwingi, nguvu kidogo, plagi nyeusi. Fundi wako alifanya kazi yake sawasawa. Alikaza skrubu iliyoandikwa H ili apunguze petroli, na mashine ikachangamka. Lakini kabureta ile ile ukiishusha Ahero, inakutana na hewa nzito. Hewa imeongezeka, petroli imebaki kama ilivyopimwa Molo. Injini inakosa petroli ya kutosha, na petroli ya pawaso ndiyo inayobeba oili. Ikipungua petroli, oili nayo imepungua, na joto linapanda. Ile sauti iliyopanda yenyewe kabla ya kukwama ilikuwa ni mashine inakuomba uizime.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa mjomba wangu aliponituma kutoka Elburgon kwenda Muhoroni na mashine yake. Pistoni ilishika siku ya tatu. Niliporudi nayo kwenye gunia sikujua nitasema nini. Mjomba aliniketisha kwenye gogo, akawasha mashine nyingine, akaniambia nifumbe macho nisikilize. Alibana mafuta yote bila kukata kitu, kwa sekunde chache tu. Sauti ilikuwa na mkwaruzo ndani yake, kama mtu anayesukutua maji kooni. Kisha akaishusha kwenye gogo, na ule mkwaruzo ukatoweka, sauti ikanyooka. Akainua, mkwaruzo ukarudi. "Hiyo ndiyo sauti ya mashine iliyoshiba," akasema. Halafu akakaza H kidogo. Mkwaruzo uliisha kabisa, ikabaki sauti nyembamba, kali, nzuri masikioni mwa mtu asiyejua. Akairudisha haraka. Hadi leo ndivyo ninavyopima kila mashine inayotoka kwangu, na ndivyo ninavyokuomba ufanye ukiteremka kutoka Molo: safisha filta ya hewa kwanza, kisha legeza H kinyume cha saa, thumuni ya mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka usikie kusukutua. Ukipanda tena Molo, unaweza kuikaza kidogo. Kitabu cha mashine kitakuambia skrubu ianzie wapi. Mashine mpya zenye kompyuta kwenye kabureta hujirekebisha zenyewe, lakini naona yako si ya aina hiyo.

La pili ni kile kifuniko. Vifuniko havilingani. Kuna chupa ambayo kifuniko chake hubeba mililita 5 na nyingine 15. Mashine yako, kama zilivyo nyingi za siku hizi, hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa galani ya lita 5. Nenda agroveti yoyote, omba sindano ya kuchanjia ng'ombe ya mililita 20, na useme huhitaji ncha. Sindano moja, lita moja. Tia oili kwanza, petroli nusu, tikisa, kisha jaza na utikise tena. Ukishachanganya, itumie ndani ya mwezi mmoja. Petroli iliyokaa hupoteza nguvu na huacha utomvu kwenye kabureta.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu huku kwetu Nakuru hatulioni na Kisumu liko kila duka la ufuoni. Oili uliyonunua ni 2T kweli, lakini ni ya injini za boti. Tazama chupa: kama imeandikwa TC-W3, hiyo imetengenezewa injini inayopozwa na maji ya ziwa. Pawaso hupozwa na hewa peke yake, na silinda yake hupata joto ambalo injini ya boti haiwezi kulifikia. Oili ile haikuumbwa kwa joto hilo. Kwenye chupa ya pawaso tafuta maneno JASO FD. Wavuvi wa Dunga, huko Kisumu, wako sawa kununua ile nyingine, ni ya kazi yao.

Kuhusu matengenezo: usikubali kubadilishiwa pistoni na ringi peke yake kabla silinda haijakaguliwa. Mara nyingi yale yanayoonekana kama mikwaruzo kwenye silinda ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia ukutani, na fundi mvumilivu anaweza kuitoa bila kuumiza ukuta wenyewe. Pitisha ukucha. Kama ukucha unanasa baada ya kusafishwa, hiyo silinda imekwenda. Na mwambie akague pia mpira unaounganisha kabureta na silinda, kwa sababu ukipasuka huingiza hewa ya wizi, na pistoni mpya itakufa kama ya kwanza.

*Habari fundi. Nina miaka 22, napasua saiprasi Elburgon. Mbao zangu zinatoka na tumbo. Cheni inavuta kulia hata nikiilazimisha kushoto. Nanoa mara tatu kwa siku lakini hali ni ile ile, na mwenye kazi amesema atanikata pesa kwa kila ubao uliopinda. Nisaidie. Kijana wa Elburgon.*

Kijana wangu, acha kuilazimisha. Unajichosha na unaharibu baa, lile bapa la chuma ambalo cheni huzungukia. Cheni huelekea upande wenye meno marefu na makali zaidi. Karibu kila mtu anayetumia mkono wa kulia hunoa upande mmoja vizuri na upande wa pili vibaya, bila kujua, kwa sababu mkono mmoja unasukuma kwa starehe na mwingine umepindwa. Baada ya wiki mbili meno ya upande mmoja yamekuwa mafupi.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla ya kuwasha. Keti na cheni juani. Geuza jino moja polepole mbele ya jicho lako, utazame ukingo wa juu, pale makali yanapokutana. Jino butu lina mstari mweupe unaong'aa, mwembamba kama unywele. Huo ni ukingo uliolala na unarudisha mwanga. Jino kali halina mstari. Mwanga hauna pa kutua. Zunguka cheni nzima hivyo. Nina hakika utaona mistari mingi upande mmoja.

Sasa tafuta jino fupi kuliko yote. Lipime kwa rula au kalipa. Hilo ndilo kipimo chako, na mengine yote yatanolewa hadi yalingane nalo, hata kama inauma kupoteza chuma kizuri. Tupa iwe ya duara na ya saizi ya cheni yako. Cheni ya inchi 3/8 ya mashine kubwa hutaka milimita 5.2 au 5.5 kulingana na aliyeitengeneza, ya 0.325 hutaka 4.8, na ile 3/8 ndogo ya mashine za nyumbani hutaka 4. Tazama boksi la cheni. Sukuma mbele tu, usivute tupa kurudi ikiwa imegusa chuma; kurudi hakunoi, kunaua tupa. Mawazo yako yawe kwenye pembe, na sehemu ya tano ya unene wa tupa iwe juu ya jino. Hesabu misukumo: kama ni mitatu, iwe mitatu kila jino. Ukimaliza upande mmoja, usijipinde. Simama, zunguka, nenda upande wa pili wa mashine.

Pembe nayo. Cheni ya kukata gogo kukingama hunolewa nyuzi 30. Wewe unapasua kwa urefu, kufuata nyuzi za mti, na kazi hiyo hutaka pembe ndogo, nyuzi 10 hivi. Kasi itapungua kidogo, ubao utakuwa laini. Weka cheni moja ya kupasua na nyingine ya kuangusha, usizichanganye.

Mbele ya kila jino kuna kinundu kifupi. Watu wengi hawakigusi mpaka cheni iishe, halafu wanashangaa kwamba jino kali halikati. Kinundu hicho ndicho kinachoamua jino liingie kwa kina gani. Kwa cheni nyingi kinapaswa kuwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Kila baada ya kunoa mara nne au tano kipunguze kwa tupa bapa, ukitumia kile kibati cha kupimia. Usikishushe zaidi ya hapo. Kinundu kilichoshuka sana hufanya jino lidake mti mzima kwa mkupuo, na mashine inakurukia.

Kama umefanya yote hayo na bado inavuta, vua cheni utazame baa. Simamisha baa juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikilala upande, kingo zake zimelika tofauti. Pitisha kidole pembeni polepole. Ukisikia ukali unaokwaruza, ondoa kwa tupa bapa. Na uwe unageuza baa juu chini kila unapobadilisha cheni, ili isilike upande mmoja. Kwenye mfereji wake toa ule uchafu mweusi kwa waya mwembamba, na tundu dogo la oili pia.

Ishara nitakayokuachia ni maranda. Shika yaliyoanguka chini ya gogo. Yakiwa vipande vinavyoonekana kama punje za mchele uliovunjika, au nyuzi ndefu unapopasua, cheni inakata. Yakiwa unga unaopeperuka, cheni inasaga. Usiongeze hata dakika moja. Cheni inayosaga hukufanya ugandamize, ugandamizaji huchemsha baa, na injini inakunywa petroli bure. Mwonyeshe mwenye kazi maranda kabla na baada ya kunoa. Nadhani ataelewa kuliko ukimweleza kwa mdomo.

*Fundi, mimi ni mama wa Vihiga, nakodisha pawaso mbili zilizoachwa na marehemu mume wangu. Vijana wanaozitumia hutia oili chafu kutoka gereji kwenye tangi la cheni. Wanasema ni sawa kwa sababu inarushwa tu. Ni kweli?*

Mama, si kweli, na una haki ya kukataa. Oili chafu ina unga wa chuma uliotoka kwenye injini ya gari. Unga huo unakwenda kusaga pampu ndogo ya oili, baa na cheni, vitu ambavyo wewe ndiwe utakayevinunua. Pia haina unato, kwa hiyo hurushwa kabla haijafika mwisho wa baa. Kubwa zaidi ni hao vijana: inawarukia mikononi na kwenye nguo siku nzima, na oili iliyotumika kwenye injini ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi. Tena inaingia kwenye shamba la mtu. Nunua oili ya cheni. Ikikosekana kabisa, oili mpya ya injini ni afadhali.

Kila mashine ikitoka, mwambie kijana ajaze matangi yote mawili kwa pamoja, la petroli na la oili. Petroli ikiisha na oili ya cheni bado imejaa, njia imeziba. Apime hivi: aelekeze ncha ya baa kwenye katoni nyeupe, umbali wa shubiri moja bila kugusa, abane mafuta. Kwenye katoni utokee mstari wa matone. Usipotokea, mashine isitoke.

*Mimi ni mwalimu mstaafu, Turbo. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali ya Februari 2018 ilianza kama ya siku 90. Nikaiweka pawaso stoo na petroli ndani, nikingoja. Ngoja ikawa miaka. Julai 2023 ilipotangazwa kwamba marufuku imeondolewa nilikuwa naugua. Sasa nimeitoa, haiwaki. Nimevuta kamba mpaka bega limeuma.*

Mwalimu, shukuru kwamba haikuwaka. Tafadhali usivute tena. Ile oili iliyokuwa ikilinda silinda imekauka, na ungeikwaruza bure.

Mwaga kilichomo tangini ndani ya mkebe, mbali na moto. Kitanuka kama rangi ya mbao. Ndani ya tangi kuna filta ndogo mwishoni mwa mpira. Ivute nje kwa ndoano ya waya. Mpira ukivunjika au ukiwa umelainika kama ute, badilisha vyote viwili. Kabureta itabidi ifunguliwe, kwa sababu ndani kuna ngozi mbili nyembamba za mpira ambazo zimekauka zikawa ngumu kama karatasi, na haziwezi tena kuvuta petroli. Huuzwa kama seti, si ghali. Plagi mpya, pengo la milimita 0.5. Kabla ya kuifunga, tia matone machache ya 2T kwenye tundu la plagi, vuta kamba polepole mara tano. Ondoa kifuniko cha juu usafishe mapezi ya silinda, maana panya hupenda kulala hapo na mashine iliyozibwa haipoi.

Siku nyingine ukijua itakaa zaidi ya mwezi mmoja, mwaga tangi, iwashe imalize kilichobaki mpaka izime yenyewe.

*Nikiachilia mafuta, cheni ya pawaso yangu inaendelea kuzunguka. Rafiki zangu wanasema nizoee. Njoro.*

Usizoee. Leo usikate tena na mashine hiyo. Cheni inayozunguka yenyewe ndiyo inayompata mtu pajani anapogeuka kuvuka tawi.

Anza na skrubu ya mwendo wa polepole, kwenye mashine nyingi imeandikwa LA au T. Ilegeze mpaka cheni isimame huku injini bado inanguruma. Ikizima kabla cheni haijasimama, safisha filta ya hewa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikauke, ujaribu tena. Ikiwa bado inazunguka, springi ya klachi imekatika au imelegea. Hiyo ilete kwa fundi, na umwambie akague breki ya cheni pamoja nayo. Breki unaweza kuipima mwenyewe: mashine ikiwa chini na imeshikwa imara, bana mafuta, kisha sukuma ngao ya mbele kwa mgongo wa mkono wa kushoto. Cheni isimame hapo hapo.

Na unapoileta mjini kwa bodaboda, mwaga petroli kwanza, ivishe baa mfuko wake, na uifunge nyuma ya kiti. Usiibebe mapajani.